Maziwa Yamepungua, Mimba Ina Miezi Mingapi? Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Dar es Salaam

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilimtuhumu kijana wangu wa bandani kwamba anauza maziwa pembeni. Chausiku, ng'ombe wangu chotara wa Friesian, alikuwa akinipa lita 11 kwa siku, asubuhi na jioni nikijumlisha. Kufika Sabasaba zilikuwa 8. Wiki mbili baadaye, 7. Nikanunua laktometa, kile kifaa cha kupima kama maziwa yametiwa maji, nikawa naitumbukiza kwenye maziwa kila asubuhi: leo inasoma 30, kesho 29. Maji hayajatiwa. Basi nikajisemea, huyu anakinga ya kwake kwanza, mimi ananiletea yaliyobaki.

"Mama, kesho kamua mwenyewe," akaniambia.

Nikakamua. Lita tatu na nusu. Jioni, tatu na kidogo.

Afisa mifugo alipopita nikamweleza kisa chote, mpaka habari ya laktometa. Hakuuliza chochote kuhusu kijana. Aliuliza, "Alipandishwa lini?" Nikajibu nadhani mwezi wa kwanza, au wa pili, tulikuwa na msiba kipindi kile sikumbuki vizuri. Akavaa glavu ndefu ile ya begani, akaingiza mkono, akatulia kama mtu anayesikiliza simu. "Mimba ya miezi sita hii, mama. Mwache kijana ale mshahara wake."

Nilimwomba kijana radhi, na siku hiyo hiyo nikanunua daftari. Haya ninayoandika yametoka humo, pamoja na niliyofundishwa na wataalamu wa mifugo waliopita bandani kwangu hapa Goba. Yanamfaa mtu mwenye ng'ombe mmoja mpaka wanne nyuma ya nyumba, anayenunua majani yanayoletwa na toyo na pumba za dukani, ambaye kila lita ina mteja wake.

Kwanza, mwilini kunatokea nini

Ng'ombe akishazaa, maziwa hupanda mpaka kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8. Baada ya hapo hushuka, awe na mimba au asiwe nayo, kwa kadiri ya asilimia 8 hadi 10 kila mwezi. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani ng'ombe ni bomba: ukimlisha vilevile atatoa vilevile. Hatoi.

Mimba inaingia juu ya mteremko huo ambao tayari upo. Miezi minne ya mwanzo huioni kwenye ndoo kabisa. Kijusi ni kidogo mno, hakina cha kumnyima mama yake. Kuanzia mwezi wa tano mambo hubadilika, na si kwa sababu ndama "anakunywa maziwa tumboni" kama wasemavyo wengine. Ni homoni. Mimba yenyewe, pamoja na kondo lake, inazalisha projesteroni na estrojeni zinazoongezeka kadiri mimba inavyokua, na hizo zinakiambia kiwele kianze kupunguza kazi. Chembe zinazotengeneza maziwa hufa kwa kasi kuliko zinavyozaliwa. Jambo la pili ni chakula: theluthi mbili ya uzito wa ndama huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho, na sukari na protini za kumjenga zinatoka kwenye damu ile ile inayopita kwenye kiwele. Tena tumbo la uzazi linapokua linabana tumbo la chakula, kwa hiyo ng'ombe anakula kidogo wakati mahitaji yameongezeka.

Nikupe mfano kwa tarehe, maana bila tarehe haya yote ni hadithi. Chukua ng'ombe aliyezaa tarehe 15 Oktoba 2024. Mwanzoni mwa Desemba anafika kileleni, lita 16. Tarehe 10 Januari 2025 anapandishwa, mimba inashika. Februari anatoa kama 13 na nusu, Aprili 11 na nusu, Mei 10 na nusu. Mpaka hapo, angekuwa hana mimba angetoa hivyo hivyo. Tarehe 9 Juni mimba inatimiza siku 150. Julai ambapo ng'ombe asiye na mimba angekupa karibu lita 9, huyu anakupa 8. Katikati ya Agosti yule angekupa 8, huyu 6 na nusu. Hiyo tofauti ya lita moja, lita moja na nusu, ndiyo bei ya mimba. Inauma, lakini ni ndogo kuliko hofu inayoletwa nayo.

Hatua ya 1: Daftari, tarehe tano

Ukurasa mmoja kwa kila ng'ombe. Juu andika tarehe aliyozaa. Chini yake, tarehe aliyopandishwa na namba au jina la dume lililoandikwa kwenye mrija wa mbegu. Mwambie mhimilishaji, yaani mtaalamu anayempandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija, akuachie huo mrija mtupu, uubandike hapo hapo kwa gundi. Kisha piga hesabu ya mbele:

Siku 21 baadaye ndipo angerudi kwenye joto, yaani kutaka dume, kama mimba haikushika. Siku 60, kupimwa. Siku 150, maziwa yanaanza kuonyesha mimba. Siku 220, kukausha, yaani kuacha kumkamua. Siku 280, kuzaa, na hapo toa au ongeza wiki moja hivi. Njia ya mkato ya tarehe ya kuzaa: ongeza miezi tisa na siku saba. Aliyepandishwa 10 Januari anategemewa 17 Oktoba, na siku ya kumkausha ni 18 Agosti.

Lita ziandike kila siku, asubuhi na jioni mbalimbali. Najua unasema utaandika kwenye simu. Simu ikipotea kwenye daladala mimba imepotea nayo. Daftari ninalolitundika bandani kwenye mfuko wa nailoni limedumu miaka sita.

Hatua ya 2: Hakikisha mimba ipo

Kutorudi kwenye joto si ushahidi. Ng'ombe wa Dar es Salaam, hasa Januari mpaka Machi jua linapochoma na hewa nzito, anaweza kupita kwenye joto kimyakimya usiku wa manane wewe umelala na feni. Na ng'ombe wa peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo ile dalili kubwa ya kusimama apandwe huioni kamwe. Wengi wamesubiri miezi tisa wakaishia kufuga ng'ombe mtupu. Mimi mmoja wao, lakini hilo tuliache.

Mpime kwa mkono akifika siku 60. Mtaalamu mzoefu anaweza kugundua mapema zaidi, lakini 60 haina ubishi. Wenye mashine ya picha wanaona kuanzia siku kama 30, ukimpata wa karibu na bei ikikufaa. Usikubali mtu yeyote anayepapasa ovyo bila mafunzo; mimba changa huweza kuharibika mkononi.

Andika jibu daftarini. Kisha, na hapa ndipo wengi wanakosea, mpime tena karibu na mwezi wa tano au wakati wa kukausha. Mimba hutoka bila mtu kujua. Ukimkausha ng'ombe asiye na mimba umejinyima maziwa ya miezi miwili bila sababu yoyote.

Hatua ya 3: Tofautisha kushuka kwa mimba na kushuka kwingine

Hii ndiyo hatua ambayo ingeniokoa na ile aibu ya Sabasaba, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Mimba inashusha maziwa polepole. Ukichora lita zako kwenye karatasi ya mraba, mstari unateremka kama barabara ya kushuka Mbezi, hakuna mahali umekatika. Robo lita wiki hii, robo lita wiki ijayo. Chuchu zote nne zinapungua kwa pamoja. Ng'ombe anakula, anacheua, macho yanang'aa, manyoya yamelala.

Sasa mambo yasiyo mimba:

Kushuka kwa siku moja kisha kurudi kawaida, ng'ombe akiwa hana utulivu na analialia, ni joto la kutaka dume. Kama daftari linasema ana mimba, basi mwite mtaalamu upesi. Ama mimba imetoka ama ni wale wachache wanaoonyesha joto wakiwa na mimba. Usikubali apandishwe kabla ya kupimwa, maana mrija wa mbegu ukipitishwa kwenye mlango wa kizazi chenye mimba unaweza kuitoa.

Kushuka kwa lita mbili tatu ndani ya siku moja au mbili, na homa, masikio yameinama, hataki kula: fikiria ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Tazama tezi chini ya masikio na mbele ya bega, pima joto la mwili. Majani unayouziwa kutoka mabondeni yanakuja na kupe, hata kama ng'ombe wako hajawahi kutoka nje ya geti.

Chuchu moja kupungua kuliko nyingine ni ugonjwa wa kiwele. Kamulia mikamuo ya kwanza kwenye kikombe cheusi, kila siku, kila chuchu. Mabonge, maji maji, au uzi wa damu, huo si ujauzito.

Maziwa kupungua siku za mgao wa maji. Ng'ombe anayekamuliwa huku pwani anaweza kunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku. Ukimpa ndoo tatu asubuhi na tatu jioni umempa 120 kama ndoo ni za lita 20, sawa. Lakini watu wengi wanampa mbili mbili, halafu wanalalamika. Maji kwanza, dawa baadaye.

Joto la hewa. Hesabu mapumzi ya ubavu kwa dakika moja saa nane mchana. Yakizidi 60 na ng'ombe anadondosha mate, anateseka, na anayeteseka hali. Paa la bati bila dari ni jiko. Makuti ni bora mno, na hapa kwetu yanapatikana. Anayekaa kwenye bati aweke makuti juu yake, amwagie ng'ombe maji mgongoni mchana, na chakula kizito ampe alfajiri na usiku kunapopoa. Joto hili lina ubaya mara mbili kwa mwenye mimba: linashusha maziwa ya leo, na likimkuta katika miezi ya mwisho linampa ndama mdogo na kiwele kisichojengeka vizuri kwa mzao unaofuata.

Na mwisho, mkamuaji. Ndiyo, wapo wanaoiba. Lakini anza na daftari.

Hatua ya 4: Lisha kwa kadiri ya mimba, si kwa kadiri ya hofu

Maziwa yanapoanza kushuka mwezi wa tano, mfugaji mpya huongeza pumba ili "ayarudishe". Hayarudi. Homoni haishindwi kwa pumba. Kinachotokea ni ng'ombe kunenepa, na ng'ombe mnene akizaa ndiye anayepata matatizo: anazaa kwa shida, hali vizuri baada ya kuzaa, anayeyusha mafuta yake ghafla na ini linaelemewa.

Wengine hufanya kinyume, maziwa yakipungua wanapunguza chakula kwa ghadhabu. Huyo naye anamdhulumu ndama.

Tumia mkono wako. Bonyeza mbavu za nyuma na nyonga. Ukihisi mbavu kwa kubonyeza kidogo, lakini huzioni kwa macho, yuko sawa. Wataalamu wana kipimo cha 1 mpaka 5, na lengo ni 3 mpaka 3 na nusu siku ya kuzaa. Kama amekonda, muda wa kumrudishia mwili ni miezi ya mwisho ya kukamuliwa, si baada ya kumkausha.

Mchanganyiko ninaotumia kwa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu ya alizeti 27, madini ya ng'ombe wa maziwa 2, chumvi 1. Wakati wa kukamuliwa ninatoa kilo moja kwa kila lita mbili na nusu hivi. Mwenye mtaji wa machicha ya kiwanda cha bia anaweza kupunguza mashudu, ila machicha yanachacha haraka huku kwetu. Yakishanuka siki kali au kuota ukungu, mwaga. Ukungu kwenye chakula cha mwenye mimba ni mchezo hatari.

Majani ndiyo msingi. Matete yaliyokatwa yakiwa kimo cha mtu mfupi, si yale yaliyogeuka miti. Kiangazi majani yakipanda bei utashawishika kujaza tumbo kwa mabua makavu matupu. Yape molasi kidogo na mashudu pembeni, na ukipata maganda ya ndizi pale Mabibo chukua, lakini yasiwe ndiyo chakula chenyewe.

Hatua ya 5: Mkaushe siku 60 kabla

Hapa ndipo penye ugomvi kati ya mfugaji na mfuko wake. Ng'ombe bado anatoa lita 6. Wateja wapo. Mama ntilie wa njia panda kalipa ya mwezi mzima. Nami naambiwa niache kukamua?

Niliwahi kukataa. Nilimkamua Chausiku mpaka wiki ya kuzaa. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, lilitoka jepesi kama maziwa ya kawaida, ndama akaharisha siku ya nne akafa siku ya saba. Mzao ule hakupita lita 12 kileleni, wakati mzao uliotangulia alifika 16. Lita 6 kwa siku 60 ni lita 360, nilizichukua zote. Kwenye mzao uliofuata nilipoteza zaidi ya hizo kufikia mwezi wa nne.

Sababu yake ni kwamba kiwele kinahitaji mapumziko ya kuvunja chembe zilizochoka na kujenga mpya. Siku 60 zinatosha, 45 ni mwisho wa kubana. Ukimnyima kabisa, maziwa ya mzao unaofuata yanaweza kupungua kwa robo. Na katika wiki za mwisho ndipo kinga za mwili zinapohamia kwenye dang'a. Ukiendelea kukamua unazimwaga kwenye chai ya jirani. Kwa mtamba aliyezaa mara moja tu usipunguze hata siku moja ya hizo 60, kwa sababu mwenyewe bado anakua.

Utaratibu ni huu. Wiki moja kabla ya tarehe, ondoa pumba na mashudu pole pole mpaka abaki na majani. Maji usimnyime. Kuna wazee wanaofundisha kumfungia maji siku nzima ili akauke. Kwa joto la Dar es Salaam huo ni ukatili, na mimba iko hatarini. Maziwa yakishuka chini ya lita 10 kwa siku, acha mara moja. Usikamue siku moja ndiyo siku moja hapana, hiyo inamchanganya na kufungua mlango kwa vijidudu.

Siku ya mwisho mkamue mpaka tone la mwisho. Safisha kila ncha ya chuchu kwa pamba na spiriti, ukianzia zilizo mbali nawe. Ingiza dawa ya kukaushia, bomba moja kwa kila chuchu, nne kwa ng'ombe mmoja. Usigawe bomba moja kwa chuchu mbili kwa kubana matumizi. Ukishaingiza, chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu. Dawa ya kukaushia ichague na mtaalamu, na andika daftarini jina lake na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu akizaa mapema kuliko ulivyotegemea maziwa yake hayatauzwa mpaka siku hizo zipite.

Kiwele kitajaa siku mbili tatu. Kitakuwa kigumu, utamwonea huruma, mkono utawasha. Usikamue. Msukumo huo wenyewe ndio unaokiambia kiache. Wiki ya pili kitakuwa kimelegea. Ukiona upande mmoja mwekundu, wa moto, na ng'ombe ana homa, hapo sasa mwite daktari.

Wateja waambie mapema, mwezi mmoja kabla. Ukiwa na ng'ombe wawili, panga wapishane miezi sita na hakuna chai itakayokosa maziwa.

Swali ninaloulizwa sana: maziwa ya ng'ombe mwenye mimba yanafaa kunywewa? Yanafaa, yachemshwe kama maziwa yoyote. Yakikaribia mwisho yanakuwa mazito, yana mafuta zaidi, na wengine huonja chumvichumvi. Hayana ubaya kwa mjamzito wala mtoto, ila mteja mwenye ulimi mkali atakuambia, na ukweli ni kwamba ng'ombe naye anakuambia muda wake umefika.

Hatua ya 6: Wiki tatu za mwisho

Kwa mfano wetu, kuanzia 26 Septemba. Sasa ndipo pumba inarudi. Anza nusu kilo, ongeza pole pole mpaka kilo 3 hivi kufikia siku ya kuzaa, ili vijidudu vya tumboni vizoee chakula atakachokula akianza kutoa maziwa. Kiwele kikivimba sana mpaka maji yanatambaa tumboni, punguza chumvi.

Chokaa na madini yenye kalsiamu nyingi ondoa katika wiki hizi, vilevile majani ya lusina kwa wingi. Inaonekana kinyume, maana kalsiamu ndiyo atakayoihitaji. Lakini mwili unaopewa kalsiamu bure unasahau kuitoa kwenye mifupa, na siku ya kuzaa kiwele kinapovuta ghafla, ng'ombe anaanguka. Shingo inapinda ubavuni kama anajinusa, masikio yanakuwa baridi, hainuki. Hiyo ni homa ya maziwa, ingawa homa yenyewe haina, na saa chache zinatosha kumuua. Tiba ni kalsiamu ya mshipani, daktari akiipitisha polepole. Ng'ombe wa aina ya Jersey na wale waliozaa mara tatu na zaidi ndio wanaoshikwa kirahisi.

Mhamishie mahali pakavu penye pumba za mbao au nyasi, sakafu isiteleze. Namba ya simu ya daktari iandike ukutani kwa mkaa. Ng'ombe wanapenda kuzaa usiku.

Hatua ya 7: Kuzaa, kondo, na dang'a

Chupa ya maji ikipasuka na saa mbili zikapita bila maendeleo, piga simu. Usivute na jirani watano.

Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24 ni kazi ya daktari, usilifungie tofali. Likishatoka, lishike kwa glavu, lizike kirefu mbwa asifukue. Mimba ikitoka kabla ya wakati, hasa mwezi wa tano kwenda juu, ichukulie kama brusela, ugonjwa wa kuambukiza unaotoa mimba, mpaka ithibitishwe vinginevyo: usishike kwa mikono mitupu, tenga ng'ombe, mwombe mtaalamu achukue damu. Maabara ya serikali ya veterinari, TVLA, iko hapa hapa Temeke. Brusela inampata na binadamu, inakaa mwilini kama malaria inayorudirudi.

Dang'a lianze kuingia tumboni kwa ndama ndani ya saa mbili. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita 3 katika saa sita za mwanzo. Usimwachie anyonye kwa kubahatisha, kamua upime, mpe kwa chupa. Baada ya siku moja utumbo wake haupitishi tena zile kinga. Siku tatu nne za mwanzo usiuze. Yakichemshwa yanaganda kama yai, na mteja hatarudi.

Siku hiyo projesteroni imeanguka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imepanda, na maziwa ambayo mimba iliyazuia yanafunguliwa. Rudisha madini na chokaa. Ongeza pumba nusu kilo kila siku mbili, si zote kwa pamoja.

Hatua ya 8: Usicheleweshe mimba inayofuata kwa kuogopa maziwa kupungua

Ukishajua kwamba mimba inashusha maziwa, wazo la kwanza ni: basi nisimpandishe, nimkamue tu. Nimekutana na wafugaji Madale na Chanika wanaofanya hivyo kwa kujisifu.

Tupige hesabu kwa ng'ombe yule yule wa lita 16. Akizaa kila baada ya miezi 12, anakamuliwa siku 305 na kukaushwa 60. Ukigawanya maziwa yote kwa siku zote za mwaka, zikiwemo za kukauka, unapata karibu lita 9 na nusu kwa siku. Akiachwa azae kila baada ya miezi 18, anakamuliwa miezi 16, lakini miezi mingi ya mwisho anatoa 6, 5, 4. Wastani wa siku zote unakuwa kama lita 8 na nusu. Umepoteza lita moja kila siku, miaka nenda rudi, na kila miaka mitatu una ndama wawili badala ya watatu. Majani unanunua yale yale.

Kwa hiyo mpe siku 60 apone kizazi, kisha anza kumtafuta joto. Hapa ndipo mwenye ng'ombe mmoja anapata shida, kwa hiyo tazama vitu hivi: lita zilizoshuka siku moja bila sababu, ute mwangavu mwembamba kama wa yai ukining'inia au umekauka mkiani, kulialia, kukataa pumba aliyoizoea. Nenda bandani saa 11 alfajiri na saa 3 usiku na tochi. Mchana kwa joto letu hujificha. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Mhimilishaji akija na mtungi wa nitrojeni, muulize mbegu ni ya dume gani, na kwa mtamba wa kwanza omba dume linalojulikana kwa ndama wadogo. Mbegu nyingi za serikali zinatoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Mimi baada ya Friesian wawili nimehamia Jersey na Ayrshire. Lita ni chache kidogo, lakini mwezi wa pili hawahemi ulimi nje.

Kama amerudi kwenye joto mara tatu baada ya kupandishwa, usilipe mara ya nne. Mwite daktari aangalie kizazi, na ukague madini unayompa.

Mwaka jana Chausiku alionyesha ute tarehe 3 Januari usiku, siku ya 71 tangu azae. Lita zilikuwa zimeshuka kutoka 15 hadi 12 jioni ile. Kijana ndiye aliyeona. Alikuwa ameshaandika daftarini kabla hajaja kunigongea mlango.